Picha Safi ya Mchimba Kisima

Baba yangu alinidharau kwa kazi moja tu, na ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda. Kule Uvira, kabla sijawa fundi simu wa Clairwood, huku Durban, nilikuwa natafsiri picha kwenye kibanda cha video. Waliokulia kwetu wanajua ninachosema. Unaletewa picha ya Kichina au ya Kihindi, unakaa mbele ya televisheni na maikrofoni, unaizungumza yote kwa Kiswahili toka mwanzo hadi mwisho. Mwanamume ni wewe, mwanamke ni wewe, mbwa akibweka ni wewe. Kichina hukijui, Kihindi hukijui. Unaangalia midomo na mikono, unatunga. Pakilala unapachangamsha kwa utani, unamsalimia mwenye kibanda, unatangaza saluni ya jirani. Tulikuwa tunaitwa madijei, na ilikuwepo sheria moja ambayo sikumwona dijei yeyote akiivunja: stelingi, yaani shujaa wa picha, hafi. Picha ikimuua, wewe mtafutie njia atoke.

Baba hakuwahi kukanyaga kibandani. Alikuwa injinia wa kilimo, msomi wa Bukarest, mmoja wa vijana waliopelekwa Romania na serikali ya Zaire wakati nchi zile mbili zilipokuwa marafiki. Alikaa huko miaka sita. Alirudi na diploma, koti zito lisilo na kazi Uvira, na tabia ya kukata bugali, ugali wetu, kwa uzi wa kushonea badala ya kuumega. Sisi watoto tulidhani ni amri ya daktari. Kuhusu kazi yangu alikuwa na sentensi moja, akiisema mezani mbele ya wageni, kwamba mimi nawauzia watoto wa watu uongo wa picha nisiyoielewa. Nilikuwa nacheka mbele yake, nikitoka nje naumia. Nilikuwa na jibu zuri sana la kumpa, lakini sikulitoa hata siku moja.

Nilimleta Durban miaka mitatu iliyopita, mama alipofariki. Tunakaa Queensburgh, chumba na nusu nyuma ya nyumba ya watu. Mke wangu anafunga maboksi kiwandani Mobeni, shifti ya usiku, kwa hiyo mchana alikuwa naye yeye, jioni mimi. Baba alikuwa mzee mwenye afya na maneno. Alikosoa sambusa za jirani, alikosoa foleni ya makaratasi, alimkosoa mchungaji kwa kutojua historia. Asubuhi moja akaanguka bafuni, na mke wangu akamkuta mdomo umekwenda upande.

Hospitalini alikaa siku nne bila sauti. Ya tano akafungua mdomo. Kiswahili hakikuwemo. Kifaransa, ambacho alikuwa akijivunia kama watu wanavyojivunia gari, hakikuwemo. Hata Kifuliiru cha mama yake hakikuwemo. Alikuwa anaongea Kiromania, taratibu, kwa mdomo mzito, akituangalia usoni mmoja baada ya mwingine, akishangaa kwa nini hatujibu. Neno la kwanza tulilolijua ni *apă*, kwa sababu alikuwa akilisema huku ananyoosha kidole kwenye bomba. Tukampa maji. Akalia.

Mke wangu alinivuta pembeni. "Papa anasema nini?"

"Sijue. Ni luga ya kule alisomaka."

"Na sisi tutafanya je sasa?"

Hilo ndilo swali nililompelekea sista wa mazoezi ya kuongea, mama mmoja Mzulu mwenye subira ambayo mimi sijazaliwa nayo. Alisema inatokea. Lugha moja inabaki, nyingine zinajificha, na wakati mwingine zile zilizojificha hurudi zikiifuata ile iliyobaki. Kazi yetu ni kumfanya aongee hiyo aliyonayo, kila siku, asizoee kunyamaza. "Akinyamaza," alisema, "itakuwa ngumu sana." Aliposema ngumu sana alikuwa anamaanisha basi tena, na sote wawili tulijua.

Niseme wazi nilichokuwa nakitaka, kwa sababu kila nilichokifanya baadaye kimetoka hapo. Nilitaka baba aniambie kitu. Miaka yote alikuwa amenikosoa, hakuwahi kuongea nami. Nilikuwa najiambia kwamba siku moja atakaa, atanyamaza kidogo, halafu ataniambia neno la baba kwa mtoto, zuri au baya, nilibebe. Sasa alikuwa anaongea nami kutwa, jioni nzima, amenishika mkono, na sikuelewa hata kipande.

Msiniulize kuhusu simu za kutafsiri. Mimi ni fundi simu, niliiweka mdomoni mwake siku ya kwanza kabisa. Kwa mdomo ule uliolegea, ilitafsiri kwamba baba anataka kuku wa posta. Siku ya pili ikasema ngazi imeolewa. Nikaizima kwa hasira mpaka kioo kikapata ufa.

Mwezi wa tatu wa hali hiyo, akaingia dukani Mzungu mmoja wa melini, mwenye ndevu nyeupe, na simu iliyoingia maji. Clairwood wanafika watu wa kila aina wanaofuata makontena, sikumjali. Nikaifungua, nikaikausha, ikawaka, akampigia mtu wa kwao hapohapo kaunta. Nilisikia sauti ya baba yangu. Siyo maneno, ule mtindo wake wa kupanda na kushuka. Nikauliza, "Romania?" Akashtuka. Nikamweleza kwa Kiingereza changu chote: baba, Bukarest, kiharusi, lugha moja.

Akakaa kwenye kiti cha wateja. Alisema angetaka kuja kumwona, ila meli inaondoka jioni hiyohiyo. Kisha akatoa flashi kwenye mfuko wa shati. Ndani yake kulikuwa na picha moja ya zamani, nyeusi na nyeupe, ambayo mama yake alikuwa akiitazama kila mwaka, na kwao hakuna mtu wa umri wa baba asiyeijua. Alinitajia jina lake mara moja, kwa lugha yao. Nikaitikia kwa kichwa. Sikuliandika. Simu yake ilikuwa imekaa mkononi mwangu saa nzima na sikuchukua namba yake. Nilikataa malipo yake, nikajiona mtu mwema, nikafunga duka mapema.

Picha yenyewe haikuwa na majina mwanzoni, ilikuwa imekatwa. Inaanza na mtu anatembea kwenye uwanda mkavu, amebeba sururu, na kijana wake nyuma yake amebeba kamba. Ni mchimba visima. Wanafika kijiji kisicho na maji, wanaanza kuchimba, baba chini, mtoto juu anazungusha gurudumu la ndoo. Wanaongea kupitia shimo. Kisima cha kwanza kikavu, cha pili kikavu. Katikati kuna siku wanakaribishwa chakula kwenye nyumba ya mjane, mama anapindua sufuria juu ya ubao, na kinachoanguka pale, ndugu zangu, ni bugali. Bugali la manjano. Kisha mama yule akachukua uzi akalikata. Nilimgeukia baba. Alikuwa anacheka kwa nusu ya mdomo inayoweza kucheka, na machozi yanamtoka, na kidole chake kinanionyesha, unaona, unaona.

Mwishoni kisima cha tatu kinabomoka. Kijana juu anaita. Anaita tena. Haitikiwi. Baada ya muda mrefu, bila muziki wowote, maji yanaanza kupanda ndani ya shimo, na wanakijiji wanakuja na ndoo, na kijana amesimama tu. Hapo inaisha. Sijawahi kuona picha yenye roho mbaya namna ile, na baba aliipenda kama chakula.

Tuliitazama kila siku saa kumi na mbili jioni. Kufikia wiki ya pili nilijua alikuwa ameiona picha hii mara nyingi katika ujana wake, maana alikuwa anasema maneno ya mchimbaji kabla mchimbaji hajayasema. Sauti yake ilinyooka. Mbele ya picha ile hakugugumia. Kila baada ya kipande alinigeukia akanieleza jambo, kwa urefu, kwa mikono, kama mwalimu, na mimi nikaitikia, na kwa mara ya kwanza tulikuwa watu wawili wanaofanya kitu kimoja. Nilikuwa na furaha. Naandika neno hilo kwa sababu sikuwa nayo kabla na sijaipata tena.

Siku ya ishirini na kitu, kijana wa kwenye picha alipokuwa anateremsha ndoo, baba alinigonga goti akasema, "Tazama."

Kwa Kiswahili. Nilisimamisha picha. Nikamwuliza, "Unasema nini, papa?" Akaendelea kwa Kiromania, hakujua kama ametoka akarudi. Asubuhi nilimpigia sista, akafurahi mpaka nikamsikia anawaambia wenzake. Alisema tusibadilishe kitu. Hivyohivyo, kila siku, picha ileile.

Tusibadilishe kitu. Alisema kwa Kiingereza chepesi kabisa.

Habari ilienda kanisani kabla yangu. Mchungaji wetu, mtu wa Bukavu mwenye moyo na kelele, alitangaza kwamba Jumapili baada ya ibada watu watakuja kwetu kumpa mzee moyo na kutazama naye hiyo picha ya muujiza. "Batu batakuya benyi," aliniambia. "Lakini ile luga, nani atasikia? Si weye ulikuwaka dijei? Utufanyie basi, na muzee asikie kazi yako."

Na muzee asikie kazi yako. Ningeweza kumlaumu mchungaji, na kuna siku nimejaribu. Lakini aliweka tu kwa maneno kitu kilichokuwa tayari tumboni mwangu. Baba alikuwa amekaa mbele ya skrini, hawezi kuondoka, na anapenda picha. Kama kuna siku atanisikia nikitafsiri, ni hii.

Jumamosi mchana nilifunga mlango wa duka nikaweka maikrofoni. Nilikuwa sijaifanya miaka tisa. Ilikuja kama vile niliiacha jana. Mchimbaji nilimpa sauti nzito ya mtu wa Fizi, mjane nikamfanya mchokozi, kijana nikamfanya mwoga. Malori yakipita nje nikayafanya radi. Nilimsalimia mwenye kibanda na kutangaza saluni ya kona ya soko, kama zamani. Kwenye bugali niliongea dakika tatu bila kupumua. Na mwishoni, kisima kilipobomoka, nikafanya kama nilivyofundishwa. Nilisema stelingi ameona mwanga, kuna njia chini kwa chini, anatokea upande wa pili wa kijiji, hatumwoni lakini mzima. Maji yalipopanda nikasema ni yeye anayasukuma. Nilijicheka peke yangu dukani. Ilikuwa kazi nzuri, tena naisema kwa kiburi, nzuri kuliko zote.

Sasa kuna jambo la kazi yetu ambalo baba asingelijua. Picha ambayo haijaguswa tunaiita picha safi. Ukishaitafsiri, unazima sauti za mwanzo ili yako ikae vizuri, na picha safi unaifuta. Ukiiacha, kesho dijei mwingine ataiiba na kuiweka sauti yake, na wewe umekula hasara. Vijana wa Uvira walikuwa wanaifuta kabla hata hawajanyanyuka kitini. Nilimaliza, nikaweka kazi yangu kwenye flashi ya Mzungu, nikafuta picha safi, nikafuta na kopi iliyokuwa kwenye kompyuta. Mkono ulifanya wenyewe. Nilikuwa nawaza nitavaa shati gani kesho.

Jumapili walikuja watu kumi na nne kwenye chumba na nusu. Wengine walisimama mlangoni. Baba alikuwa amenyolewa, amevaa tai, anasubiri. Picha ikaanza, mtu na sururu, na baba akafungua mdomo kusema neno la kwanza la mchimbaji, na sauti yangu ikatoka kwenye televisheni.

Alifunga mdomo. Akasubiri. Akajaribu tena kwenye sehemu ya pili aliyokuwa akiipenda, na hapo nilikuwa nafanya utani kuhusu ndevu. Watu walicheka sana. Vraiment, kweli kabisa walicheka, mchungaji alishika ukuta. Baba aliangalia skrini, akaangalia nyuma ya televisheni, akaangalia watu, akitafuta mahali sauti ya mchimbaji ilipokwenda. Kwenye bugali hakunyoosha kidole. Kisima kilipobomoka nikasikia sauti yangu ikisema kwamba mtu ni mzima, usilie, na chumba kizima kikapiga makofi, na baba akanigeukia. Nimejaribu kujiambia kwamba ilikuwa hasira. Haikuwa hasira. Aliniangalia kama alivyotuangalia hospitalini siku ya tano, alipokuwa haelewi kwa nini hatumjibu.

Jioni ile hakuongea. Nikasema amechoka. Jumatatu saa kumi na mbili nikachomeka flashi nimwekee picha yake, na ndipo nilipokumbuka. Nilikaa sakafuni. Mke wangu alikuwa anavaa kwenda kazini, akaniuliza kama naumwa.

"Nimefuta," nikasema.

"Umefuta nini?"

Nilimweleza. Akakaa kitandani na kiatu kimoja. "Eish, baba watoto," akasema, akavaa cha pili akaenda kazini.

Nilifanya yote ambayo fundi anaweza kufanya. Nilirudisha vipande kutoka kwenye kompyuta ya dukani, nikapata dakika chache za uwanda mkavu, bila sauti. Nilitafuta mtandaoni kwa kila lugha: mchimba kisima, kijana, mjane, Romania, nyeusi na nyeupe. Nilitazama mianzo ya picha za Kiromania mpaka nikaanza kuwatambua waigizaji wao barabarani. Sikuipata, na bila jina nitaipataje. Nilienda bandarini kumuulizia Mzungu mwenye ndevu nyeupe. Mlinzi aliniuliza meli gani. Sikujua meli gani. Niliuandikia ubalozi wa Romania barua mbili, wakanijibu kwa adabu kwamba wamepokea.

Nilimwekea baba picha nyingine za lugha yake, zilizo nzuri na zilizo mbovu. Alizitazama kama mtu anayesubiri zamu yake kliniki. Wiki ya pili aliacha kuomba *apă*, akawa ananyoosha kidole tu. Wiki ya nne sista alikuja, akamwongelesha nusu saa, akaandika kwenye karatasi yake kwa muda mrefu. Hakuniuliza kama tulibadilisha kitu. Nilimwambia mwenyewe. Alinishika bega, na ingekuwa afadhali angenitukana.

Kitu pekee alichokubali kutazama kilikuwa kile kilichokuwepo. Saa kumi na mbili anajivuta mwenyewe mpaka kitini, anaangalia televisheni, na mimi naweka mchimba kisima wa sauti yangu, kwa sababu uso ni uleule na uwanda ni uleule, na sikuwa na kingine cha kumpa. Hatabasamu, hasemi. Nilijaribu kuizima sauti kabisa, akagonga mkono wa kiti mpaka nikairudisha. Basi kila siku kwa miezi nimekaa kando ya baba yangu kujisikiliza nikidanganya.

Mwezi uliopita aliongea.

Ilikuwa kwenye kisima cha pili. Mke wangu alikuwa jikoni. Baba alifungua mdomo akasema, kwa Kiswahili kilichonyooka, sekunde moja kabla ya televisheni, "Usibanduke, mtazamaji, mambo bado." Kisha televisheni ikasema vilevile, kwa sauti ileile, na kile kimkato changu cha sauti mwishoni.

Mke wangu alitoka mbio na mwiko mkononi, akapiga magoti. Mchungaji alikuja kesho yake na watu, wakaimba. Sista alisema hajawahi kuona. Sasa anaongea kila siku, na si mbele ya picha tu. Asubuhi anamwambia mke wangu kwamba saluni bora mjini ipo kona ya soko. Akiumwa mguu anasema usilie, mtu ni mzima. Anasalimia mwenye kibanda. Anafanya radi. Wageni wanafurahi, wanasema mzee amepona na amekuwa mcheshi, zamani alikuwa mkali. Kiromania hakijarudi. Nimemwambia *apă*, nimemwambia yale machache niliyoyashika, ananiangalia.

Juzi tulikuwa wawili tu. Nilimzimia televisheni, nikasogeza kiti mpaka magoti yetu yakagusana, nikamwambia, "Papa, ni mie, mutoto yako. Sema yako. Neno moja tu, ya kwako."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kwa heshima, kama unavyomsikiliza mgeni. Akafikiri. Niliona anatafuta, kweli alitafuta, paji la uso lilikunjamana. Halafu akaniwekea mkono begani akaniambia, kwa sauti yangu, kwamba stelingi ameona mwanga, yuko upande wa pili, hatumwoni lakini mzima.